Stajiere kwenye ferme ya maziwa: kaye mbele ya sindano

Likizo kubwa ikikaribia, barua zinaanza kufika kwenye maofisi yetu: mwanafunzi wa udaktari wa mifugo anaomba ferme ya kufanyia staji. Wengine wanatoka Butembo, kwenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, wengine wanatoka mbali zaidi, UNILU ya Lubumbashi. Kuko pia vijana wa ITAV, na hao njo tunakutana nao zaidi vijijini. Komite nyingi zinajiuliza: huyu mtoto wa masomo atatusaidia nini? Atakula, atalala, ataleta maulizo mengi, kisha atarudi kwao na raporti yake.

Ulizo ni la haki. Sisi tunaona kwamba stajiere anaweza kuokoa maziwa mengi, lakini inaomba koperative ijue kazi gani ya kumpa. Kwa kawaida tunampa kazi mbaya. Anafika asubuhi na bluzi yake nyeupe, na saa ile ile majirani wanaleta mbuzi mwenye kuhara, imbwa mwenye kukohoa, ngombe mwenye hasimami tena. Wote wanamwita Dokta, wote wanataka sindano. Yeye mwenyewe anaona haya kusema kwamba yale magonjwa ameyaona mu silabusi tu, na kwamba pengine hajakamua hata ngombe mmoja mu maisha yake. Akipiga sindano na ngombe akafa, nani atalipa?

Basi mbele ya kumpokea, andikeni barua ya staji yenye kueleweka. Iwe na jina na namba ya simu ya veterinere mwenye atamfuata. Iseme kazi ambazo anaweza kufanya peke yake: kukamua, kupima homa, kupima maziwa, kutafuta kupe, kuandika. Na iseme kazi ambazo hafanyi kama veterinere hayuko karibu: kupiga sindano, kuingiza dawa mu chuchu, kukata pembe, kuvuta ndama wakati wa kuzaa. Koperative nayo itoe kitanda, chakula, buti, sabuni na glovu. Glovu si za urembo, tutarudi kwake hapa chini.

Juma la kwanza ni la kukamua

Tuchukue ferme moja ya milima ya Lubero, ya mama mmoja mjane, mwenye ngombe watano wa maziwa, machotara wa Frizone na ngombe wa kwetu. Kijana wake mkubwa njo anakamua. Kila asubuhi maziwa inaenda kwa kituo cha koperative, kule inachanganywa na ya wengine na kugeuzwa fromaje. Stajiere alikuwa binti wa mwaka wa mwisho. Veterinere wa koperative alimpa amri moja tu kwa siku saba za kwanza: amka pamoja nao saa kumi na moja, kamua, tazama, usifundishe mutu.

Hiyo amri ni nzuri sana, na tungependa kila ferme iifuate. Mutu mwenye kukamua anaona vitu vyenye mwenye kusimama pembeni haoni. Binti aliona kwamba kijana ananawa mikono mara moja, mbele ya ngombe wa kwanza, halafu basi. Aliona kitambaa kimoja kinapanguza viwele vya ngombe wote watano. Aliona vidole vinachovywa mu maziwa ili chuchu ziteleze. Na aliona kwamba kila siku wanaanza na ngombe ule ule, wa karibu na mlango, juu ni mpole na hapigi teke.

Yote hayo aliyaandika mu kaye, bila kusema neno. Siku ya nane njo alipima.

Namna ya kupima kiwele bila vyombo vya bei

Ugonjwa wa kiwele, wenye veterinere wanauita mastite, uko wa namna mbili. Namna ya kwanza kila mutu anaijua: kiwele kinavimba, kinakuwa moto, maziwa inatoka na vidonge ao maji maji, pengine na damu. Namna ya pili imefichama. Ngombe anakula vizuri, kiwele ni laini, maziwa ni nyeupe. Lakini ndani ya chuchu moja vidudu vimeingia, mwili unatuma askari wake wa damu kupigana navyo, na sehemu ile inatoa maziwa kidogo kidogo kuliko zamani. Mfugaji anasema majani yamepungua, ao ngombe anazeeka. Hii ya kujificha inakula maziwa mingi kuliko ile ya kuonekana, juu hakuna mwenye anaitafuta.

Kuna dawa ya kununua ya kupimia, lakini kwenye vijiji sabuni ya unga, ile watu wanaita omo, inafanya kazi ile ile. Weka vijiko 6 vya chai vya sabuni mu nusu lita ya maji safi, koroga polepole bila kuleta povu nyingi. Kata chini ya vikopo vinne vya plastiki, uvipange juu ya kibao namna chuchu zimepangwa: mbili za mbele, mbili za nyuma. Michirizi ya kwanza ya kila chuchu kamulia juu ya kitu cheusi, utazame kama kuko vidonge. Kisha kamua kidogo mu kila kikopo, chuchu yake na kikopo chake. Tia maji ya sabuni ya kiasi sawa na maziwa, zungusha kibao polepole.

Maziwa ikibaki nyepesi kama maji, chuchu ni nzima. Ikianza kuwa nzito, kuvutana kama ute wa yai, hapo kuko ugonjwa; na kadiri inavyovutana, ugonjwa ni mkubwa. Sababu ni kwamba sabuni inapasua zile askari za damu, na vitu vyenye viko ndani yake vinashikana. Usipime ngombe mwenye amezaa juma hili, wala mwenye unakaribia kumwacha apumzike mbele ya kuzaa, juu hao wanaweza kuonyesha ute hata kama ni wazima. Na maziwa ya kupimia mwangeni, mutu asiinywe.

Ngombe watano wako na chuchu 20. Moja ilikuwa imekauka tangu zamani. Kati ya 19 zilizobaki, 4 zilitoa ute, kwa ngombe watatu. Na mbili kati ya hizo zilikuwa za ule ngombe mpole wa karibu na mlango, mwenye wanakamua wa kwanza kila siku, kisha mikono na kitambaa vinaenda kwa wengine wote.

Hapa dawa haikuhitajika bado. Waligeuza mpango tu: ngombe wazima kwanza, wagonjwa mwisho, kila ngombe na kitambaa chake, kinafuliwa na kuanikwa kwa jua, mikono inanawiwa kati ya ngombe na ngombe, chuchu zinakamuliwa kavu. Nyuma ya kukamua, wanachovya chuchu mu maji ya iodi yenye veterinere alitengeneza, na wanampa ngombe majani palepale ili asilale chini kwa nusu saa, juu wakati ule tundu la chuchu liko wazi bado na matope inaingiza vidudu. Kijana alinungunika siku mbili tatu juu ya kugeuza mpango. Ngombe mpole naye alinungunika, alizoea kuwa wa kwanza.

Dawa yenye haionekani

Juma la tatu, siku ya kwanza asubuhi, ngombe mmoja alitoa vidonge kwa chuchu ya nyuma, na kiwele kilikuwa moto. Binti alipima homa: 40,2. Ngombe mzima anakaa kati ya 38,5 na 39,3. Alipiga simu, veterinere akafika saa sita na kuingiza tube ya antibiotike mu ile chuchu, siku tatu mfululizo, ya mwisho siku ya tatu saa sita. Kwenye karatasi ya dawa iliandikwa: masaa 96 kwa maziwa. Binti alifanya hesabu mu kaye. Kutoka siku ya tatu saa sita, masaa 96 inatufikisha siku ya mungu saa sita. Maziwa ya kwanza ya kupeleka kwa koperative ni ya siku ya mungu jioni. Alifunga kitambaa chekundu kwa mguu wa ngombe ili mutu asisahau.

Siku ya nne asubuhi maziwa ilitoka nyeupe, bila kidonge hata kimoja, lita 3. Kijana alikuwa tayari kumimina mu bidoni. Binti alimzuia, na mama akatoka jikoni.

"Dokta, angalia mwenyewe. Haina damu, haina kitu. Shule iko nafukuza batoto juu ya minervali, na weye unaniambia nimwange?"

"Mama, vidonge vimekwisha, lakini dawa iko ndani bado."

"Dawa mulitia mu chuchu moja. Nitauzisha ya zile tatu."

Ni neno lenye tunasikia kila mahali, na linaonekana kuwa la akili. Lakini chuchu ziko na damu moja. Dawa yenye imeingizwa mu moja inapita mu damu na inaweza kufika kwa zingine, kwa hiyo hesabu ya karatasi ni ya ngombe mzima, haigawanywi kwa chuchu. Kupika maziwa hakuondoi hiyo dawa. Mutu mwenye mwili wake unakataa penisilini anaweza kugonjwa sana kwa kunywa maziwa ya namna hiyo, na kila mwenye kuinywa kidogo kidogo anasaidia vidudu kuzoea dawa, hata siku moja mtoto wake mwenyewe akiugua, dawa isimsaidie. Na kwa fromaje, hasara ni ya haraka. Antibiotike inaua ao inachelewesha vidudu vizuri vyenye vinageuza maziwa kuwa chachu. Vidudu vibaya vyenye haviogopi ile dawa vinapata nafasi. Fromaje inaweza kuvimba, kutoboka matundu, na kunuka.

Binti hakusema hayo yote mlangoni pa jiko. Aliomba siku moja tu. Alichukua vikombe viwili, kimoja cha maziwa ya ngombe mzima, kingine cha maziwa ya yule wa kitambaa chekundu. Alipika yote mbili, aliacha ipoe mpaka kidole kivumilie, akatia kijiko cha maziwa ya kuganda mu kila kikombe, akavifunika na kuviweka karibu na moto mpaka kesho yake. Asubuhi, kikombe cha kwanza kiliganda vizuri. Cha pili kilikuwa maji maji sawa jana. Mama alikiinamisha, akakitazama sana, kisha akaenda kumwanga ndoo mwenyewe, mbali na mahali pa kunyweshea ngombe.

Tunapenda jaribio hili la vikombe kwa kufundishia watu, lakini tahadhari: likionyesha maji maji, kuko shida, likiganda, haimaanishi kwamba maziwa ni safi, juu kuko dawa zenye haziharibu kuganda na bado ziko ndani. Yenye inaamua ni karatasi ya dawa. Tafuteni maneno ya Kifaransa "temps d'attente" ao "délai d'attente", na mbele yake neno "lait". Kwa dawa zenye zinaingia kupitia Kasindi, karatasi mara nyingi ni ya Kiingereza. Hapo tafuteni neno "milk" na hesabu ya siku ao masaa. Kila dawa iko na hesabu yake. Oksitetrasikilini ya kawaida na ile ya kudumu muda mrefu hazina hesabu moja, hata kama chupa zinafanana. Dawa yenye haina karatasi, yenye inauzishwa mu sindano tayari pale sokoni, msiinunue.

Hasara ni ya nani?

Kutoka siku ya nne asubuhi mpaka siku ya mungu asubuhi, ngombe alikamuliwa mara 7. Lita 3 kila mara, ni lita 21 zenye zinaonekana nzuri na zilimwangwa chini. Kwa mjane mwenye watoto wa shule, lita 21 si mchezo. Juma lile sufuria ya koperative ilikuwa inapokea karibu lita 280 kwa siku. Kwa kuwa fromaje ya namna ya Masisi inaomba karibu lita 10 kwa kilo moja, tunaongea juu ya kilo 28 za fromaje kila siku, jasho la jamaa zaidi ya thelathini. Lita 3 zingetosha kuziweka mu hatari.

Ukiangalia vizuri, mama yule alilipa peke yake ili wengine wote wasipoteze. Hakuna mwenye alimwambia asante. Hapo njo tunaona kosa la koperative nyingi: zinaandika sheria ya kukataza maziwa ya dawa, zinaandika na malipo ya kosa, lakini hazisemi neno juu ya mwenye kutii. Basi mwenye kutii anapata hasara, mwenye kuficha anapata feza, na sheria inabaki kwenye ukuta.

Binti alipeleka kaye yake kwa komite. Kulikuwa mabishano marefu. Mzee mmoja alisema: tukianza kulipa maziwa ya kumwanga, kesho kila mutu atakuwa na ngombe mgonjwa, maziwa atakunywa na watoto wake, na feza ataomba kwetu. Neno lake si la kupuuza. Mwishoni walikubaliana hivi, kwa majaribio ya miezi sita: koperative inalipa nusu ya bei, kwa siku za kungojea tu, kama veterinere ametia sahihi mu kaye ya ferme siku ya kutibu, na kama mwenye kukusanya maziwa ameona ngombe ana kitambaa chekundu na maziwa imemwangwa mbele yake. Mwenye kujitibia ngombe usiku bila kuandika, hapati kitu, na akigunduliwa analipa sufuria nzima. Kwa mama, nusu ya lita 21 ni lita 10 na nusu. Ukiigawanya kwa wanamemba wote, hata nusu lita kwa mutu mmoja haifiki.

Sisi tungeongeza jambo moja: mfugaji mwenye amepatikana na chuchu za ute mara mbili mfululizo, na hajageuza namna ya kukamua, asilipwe. Koperative isigeuke kulipia kitambaa kichafu.

Glovu, na maziwa mabichi

Tulisema tutarudi kwa glovu. Katika staji ile ile, jirani mmoja alileta habari kwamba ngombe wake ametupa mimba ya miezi saba, aje avute kondo la nyuma lenye limebaki ndani. Binti alikataa kugusa bila glovu ndefu na bila veterinere. Wengine walicheka, walisema anaogopa damu. Alifanya vizuri. Ngombe akitupa mimba mu miezi ya mwisho, wazo la kwanza liwe burseloze. Ule ugonjwa unapita kwa mutu kupitia maji ya uzazi, kondo, ndama aliyekufa, na maziwa mabichi. Kwa mutu unaleta homa ya kwenda na kurudi, jasho la usiku, maumivu ya viungo, na wengi wanakunywa dawa za malaria mwezi kwa mwezi bila kupona. Mimba yenye imetupwa izikwe kwa shimo refu ao ichomwe, imbwa wasiifikie, ngombe atengwe, veterinere achukue damu. Maziwa ya nyumbani ichemke kweli kweli mbele ya kunywa, hata kama babu alikunywa mabichi na aliishi miaka themanini.

Na termometre isiishie kwa mastite. Kule kwetu kwenye kupe wengi, stajiere akipima homa kila asubuhi anaweza kukamata teleriozi siku za mwanzo: homa inapita 39,5, tezi ya chini ya sikio inavimba, ngombe anaanza kuacha majani. Dawa yake ni ya bei na inasaidia zaidi ikitolewa mapema. Ngombe akianza kupumua kwa nguvu na kutoa povu kwa pua, mara nyingi ni kuchelewa.

Staji ilidumu majuma sita. Siku mbili mbele ya kuondoka, binti alipima tena chuchu 19. Mbili za ngombe mpole zilibaki na ute, na veterinere alipanga kuzitibu wakati ngombe atakapopumzika miezi miwili mbele ya kuzaa. Zingine zote hazikuvutana. Kaye alinakili kwa raporti yake, lakini ile yenyewe aliiacha ndani ya mfuko wa plastiki, kwenye musumari pa mlango wa kibanda cha kukamulia. Mwenye kukusanya maziwa anaifungua kwanza, kisha njo anafungua bidoni. Stajiere wa mwaka kesho asianze kaye mpya. Aendelee na hii, kuanzia ukurasa wenye uliishia.